Fada Mwenye Watoto Watano

Jumatatu, 8 Julai 2013

Leo nilikwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi yetu, kuuliza mbegu za maharagwe. Nimerudi bila mbegu, lakini na bahati mfukoni. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi mpya. Chuo kimoja cha Mbarara, upande wa Kakoba, kinatafuta watu wa kurudi shule. Kozi ya ualimu, masomo Ijumaa na Jumamosi. Shirika litawalipia wakimbizi wawili wa Nakivale. Wawili tu! Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 18.

Ilibidi nikae chini kwanza. Miaka kumi na moja nilifundisha darasa la tano kule Fizi, Kongo. Hapa Uganda karatasi zangu za Kifaransa hazisomeki na Kiingereza changu hakisikiki. Sasa ni mwaka wa sita nafundisha mahindi, nayo hayajawahi kunyoosha kidole. Nataka kushika chaki tena kabla sijazeeka. Basi, nimeliandika hilo hapa.

Tatizo ni kwamba tangazo lote ni la Kiingereza. Nimelinakili. Ningeweza kumuuliza Grâce, binti yangu mkubwa, ambaye Kiingereza kwake ni maji ya kunywa. Lakini mwalimu mzima haulizi mtoto wake maana ya maneno. Ninayo kamusi yangu.

Jumanne, 9 Julai

Pigo! Kozi inaitwa Bachelor. Nimefungua kamusi: selibateri, mwanamume asiyeoa. Nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nimesogea kwenye mwanga. Haikubadilika.

Nimetazama nyumba yangu. Mke mmoja, Constance. Watoto watano. Viatu vya watoto watano mlangoni, na hakuna hata jozi moja kamili.

Halafu nikaona mstari wa chini: Fathers wanakaribishwa hasa. Hapo sikuhitaji kamusi. Nakivale nzima humwita padri wetu Fada. Asiyeoa, kisha Fada. Mambo yakajifungua yenyewe! Ni chuo cha mapadri na wanaokaribia kuwa mapadri. Nimejipongeza kwa chai. Ulrich asingegundua hata angepewa mwezi mzima.

Jumatano, 10 Julai

Nimemtaja shetani, kaja. Ulrich ni jirani yangu. Kule Fizi alifundisha shule ya ng'ambo ya mto, na mpaka leo anadai wanafunzi wake waliwashinda wangu kwenye mtihani wa mwaka 1999. Waliwashinda kwa sababu ya mvua.

Naye ameliona tangazo! Amekuja kunishauri twende pamoja. Anadhani Fathers ni akina baba, wenye watoto nyumbani. Maskini. Sikumsahihisha. Nikafanya zaidi: nikamshauri aende na watoto wake wote saba, wamevaa sare za shule, waimbe wimbo mmoja, ili wakubwa waone baba aliyekamilika. Alinishukuru sana, na jioni akanitumia ndizi. Nimezila. Dhamiri ilinisumbua hadi ndizi ya pili, kisha ikatulia.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeamua. Sitasema mimi ni padri, maana uongo ni dhambi. Nitavaa tu. Nguo haina mdomo. Wao wakikisia, hilo ni juu yao.

Suruali nyeusi ninayo, shati jeusi nimeazima. Ilibaki kola nyeupe. Nimetafuta kila mahali, mwishowe nikaiona bidoni, lile dumu la mafuta ya msaada. Plastiki nyeupe, laini, inakunjika vizuri. Nimekata ukanda mmoja. Yale maandishi ya buluu nimeyageuzia shingoni, hayaonekani.

Mchana Constance aliuliza nani ameharibu bidoni yake. Nikasema labda panya. Aliitazama ile bidoni, akanitazama mimi.

"Panya za huku zilianza kutumikisha makasi?" akauliza.

Nikakumbuka kwamba nina kazi shambani.

Jumapili, 14 Julai

Misani nimekaa mbele kusoma mwendo wa Fada. Hatembei kwa haraka. Hushika mikono tumboni. Naweza.

Pete ya ndoa ndiyo imenitesa. Imekaa kidoleni miaka kumi na sita. Nilitumia sabuni, kisha mafuta, kisha uzi. Ilipotoka, pale mahali pake palikuwa na ngozi nyeupe kama ya mtoto mchanga. Sikuipenda hali ile hata kidogo. Nimeiweka ndani ya soksi, na moyo wangu umekaa huko huko nayo.

Constance nimemwambia kwamba Alhamisi nakwenda Mbarara kutafuta mbegu. Akasema vizuri, maana siku hiyo yeye na Grâce wanampeleka mwanetu Junior hospitali ya Ruharo, huko huko Mbarara, kutazamwa macho, basi twende wote. Nikasema wauza mbegu huamka mapema sana. Akasema hajawahi kuniona nikiamka mapema kwa ajili ya mbegu.

Alhamisi, 18 Julai

Leo lazima niandike yote.

Nilipanda lori la mahindi alfajiri. Kakoba nikajificha nyuma ya duka, nikavaa kola. Mabadiliko papo hapo! Dereva wa boda boda alinipigia saluti na kukataa nauli. Langoni mwa chuo kuna askari anaitwa Nasani, mwanajeshi mstaafu. Alivua kofia akaniomba nimwombee, kwa sababu wiki ijayo ana mtihani. Nikauliza mtihani wa nini. Akasema naye anasoma hapo hapo, cheti cha uhasibu, ana watoto sita na mkubwa wao ndiye anayemsahihisha kazi zake za nyumbani.

Nilimhurumia. Nikawaza, huyu wamemkubali kwa sababu tu analinda lango. Nikamwekea mkono kichwani, nikanung'unika maneno machache ya Kifaransa kuhusu hesabu za sehemu, kiasi na asili, kwa kuwa ndiyo niliyoyakumbuka. Alisema amina.

Ndani, karani anaitwa Clare. Msichana mwenye miwani na heshima nyingi. Aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni father. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba bado, lakini mimi ni bachelor. Akauliza: kama tayari nina bachelor, nataka ya pili ya nini? Nikasema si kwa kupenda kwangu, nimekuwa nayo tangu kuzaliwa. Akaandika kitu, akakifuta. Akauliza nina watoto wangapi. Nikasema hakuna hata mmoja, kwa neema ya Mungu.

Uso wake ulinyong'onyea. Akaweka kalamu chini, akahamia Kiswahili ili anibembeleze vizuri.

"Fada, pole sana. Hii nafasi ni ya baba wenye iko na watoto, wenye waliacha shule. Wewe uko na kanisa, wao hawana mtu."

Ndipo nikaelewa. Baba wenye watoto! Na muda ule ule, chumba cha pili, sauti saba zikaanza kuimba wimbo wa kukaribisha wageni. Watoto wa Ulrich. Wamepigwa pasi. Ulrich akatoka anang'aa, ameshapata nafasi, anamtafuta rafiki yake Bonaventure, yaani mimi, amshukuru kwa ushauri. Akaniona. Akaona kola. Akatoka nje polepole huku anatafuta simu.

Kumbe alimpigia Constance, akamwambia bwana yake ameokoka kupita kiasi.

Mimi huku nilikuwa najaribu kuzima moto. Imebaki nafasi moja! Nikamwambia Clare kwamba nimekumbuka, ninao watoto watano. Niliona nimetengeneza. Nilikuwa nimeharibu zaidi. Padri mwenye watoto watano! Clare aliinuka kwenda kumwita mkuu wa chuo. Kisha akasimama, akainama, akaniangalia shingoni. Jasho lilikuwa limeizungusha kola. Akasoma kwa sauti ndogo: mafuta ya kupikia, si ya kuuzwa.

Sikuwahi kutamani shamba langu la mahindi kama wakati ule.

Mlango ukafunguliwa. Constance, mtoto mdogo mgongoni, Junior na dawa machoni, Grâce nyuma yao. Walikuja na boda moja kutoka Ruharo, wote wanne. Constance hakunitazama. Alimwamkia Clare kwanza, kwa adabu, kisha akasema:

"Huyu si padri, ni bwana yangu. Tuko na batoto batano, na bote banafanana naye. Hana fasi ya kujificha."

Grâce akayageuza kwa Kiingereza. Akaongeza ya kwake, marefu, na nikasikia neno bachelor mara mbili na neno kamusi mara moja. Clare alivua miwani akacheka hadi akashika meza. Constance yeye hakucheka. Aliuliza pete iko wapi. Mbele ya watu wote nikavua kiatu.

Aliichukua, akaifuta na kitenge, akaivalisha mwenyewe kidoleni pangu. Akasema kwa sauti ya chini:

"Ungesema tu. Miye ndiyo ningekuleta hapa, na bidoni yangu ingekuwa nzima."

Niliona aibu kweli. Aibu yenyewe, isiyo na mbinu ndani yake.

Clare akaketi tena, akauliza upya kama mimi ni father. Mara tano, nikajibu. Lakini akasema mkuu atataka kujua kama nafundisha kweli au navaa tu. Akanipa chaki. Ubao ulikuwa pale. Wanafunzi nao walikuwepo: saba wa Ulrich, na Junior wangu anayefumba jicho moja.

Chaki ilikuwa nyepesi kuliko nilivyokumbuka. Sikujua nianze na nini. Nikaivua kola, nikaomba makasi. Nikaikata katikati, nikauliza hii ni nini. Nusu, wakasema. Nikaikata tena. Robo! Nikawauliza kati ya robo tatu na nusu ni ipi kubwa, wakabishana, nikawaacha wabishane kwa sababu hapo ndipo somo hukaa. Grâce alikuwa anatafsiri kando, nami nikasahau kwamba anatafsiri. Nilisahau Kiingereza, nilisahau mkuu, ambaye nilimkuta amesimama mlangoni na sijui aliingia saa ngapi. Mtoto wa mwisho wa Ulrich alijibu vibaya, nikamsubiri, akajibu vizuri. Machozi yalinitoka kidogo. Nikasema ni vumbi la chaki.

 Mkuu alimwambia Clare aandike jina langu.

Tumerudi Nakivale sote juu ya lori moja, familia mbili. Ulrich amewaambia abiria wote kwamba watoto wake ndio waliojibu maswali.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda kuungama. Nilianza na ndizi za Ulrich, nikapanda hadi kola. Upande wa pili nikasikia Fada anakohoa kwa namna isiyo ya mgonjwa. Malipizi yangu: kila Jumapili baada ya misa, hadi chuo kifunguliwe, niwafundishe kusoma watu wazima wanaotaka. Walikuja kumi na wanne leo. Kuna mzee mmoja, Karekezi, aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza, akakataa kulifuta ubaoni. Tumeliacha. Sijui kama malipizi huruhusiwa kuwa matamu hivi.

Constance amekuja pia. Amekaa nyuma na daftari la Grâce. 

Jumatatu, 22 Julai

Barua zimefika Base Camp! Za kwangu na za Ulrich. Tunaanza mwezi ujao. Ulrich ameonyesha kwamba kwenye orodha iliyoambatanishwa jina lake limeandikwa juu ya langu. Nimemweleza kwamba anayeandika orodha huanza na wepesi.

Lakini ametoboa siri moja bila kujua. Anasema mtu akimaliza Bachelor anaweza kuendelea na Master. Nikarudi nyumbani mbio. Kamusi, herufi M. Master: bwana, mwenye kutumikiwa.

Kumbe ndivyo! Kamusi ilikosea kwenye Bachelor, na kamusi nzuri haikosei mara mbili. Hiyo kozi ni ya mabwana wakubwa. Lazima wanione natumikiwa, na mambo haya hayaigwi siku ya mwisho, yataka mazoezi. Nimeanza leo hii. Nimemwomba Constance aniletee maji ya kunawa huku akiniita Bwana Mkubwa. Amenionyesha bidoni mbili tupu, kisha amenionyesha njia ya bombani.

Nimechota. Njiani nimefikiri vizuri zaidi: watumishi wa kukodi. Watoto saba wa Ulrich wana sare tayari.

Grâce alikuwa mezani nilipokuwa naandika haya. Aliitazama kamusi, akatazama kidole changu kilipokuwa, akauliza kwa upole kama kuna neno anisaidie.

Nikamwambia asante mwanangu, nimeshalipata.