Mayai, Mchanga na Gari Lisilonguruma

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi, nusu ya mji huu haili yai. Hilo liandikwe kwanza. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Usafiri wa mayai ya Dada, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kuona wengine wanachelewa kunipa. Miaka kumi na miwili nimeendesha Ajuza, gari letu la dizeli. Linakohoa, linatema moshi, na linawaka kwa mkono mmoja tu duniani: wangu. Unakanyaga klachi, unapiga dashibodi ngumi mbili, unalitukana kidogo. Rivasi yake, gia ya kurudi nyuma, ilikufa zamani. Mafundi waliosomea ng'ambo walishindwa kuifufua. (Hakuna aliyeitwa. Lakini wangeshindwa.)

Leo Dada kaleta balaa uani. Gari la umeme! Jeupe, kimya, limekaa kama jokofu lililolazwa. Kaazimwa kwa wiki moja ya majaribio na mwanamke wa kampuni ya magari, ambaye kila ukimuuliza jambo anakuonyesha skrini. Nimemwita Bi Skrini. Dada anataka mambo manne tu: libebe trei mia mbili, lipande mlima mpaka shule ya bweni, lisivunje mayai, lirudi nyumbani siku hiyohiyo. Rangi, anasema, atawaachia wanaonunua magari ya harusi.

Kisha akaongeza, bila hata kunitazama, kwamba likinunuliwa, ufunguo atapewa atakayelimudu vizuri. Chuma, mpakiaji wetu, mwanamke mwenye mabega ya mlango na bigijii isiyoisha kinywani, akacheka. Ana leseni tangu mwaka jana. Aliipata kimyakimya, kama mwizi.

Bi Skrini akaeleza kwamba tundu la chaja liko matakoni mwa gari na soketi iko ukuta wa nyuma wa ua, kwa hiyo jioni lazima liingie kinyumenyume. Nikamwachia Chuma kazi hiyo. Mkurugenzi haegeshi.

Gari hili halitanunuliwa. Naapa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza, na ni wa kitaalamu. Alfajiri nimeficha viroba vinne vya mchanga mbichi chini ya trei. Kilo mia mbili za ziada! Mlima wa shule utalimaliza. Litazimika katikati, nitasimama kando nikifuta jasho kwa huzuni, Dada atalia, Ajuza atarudishiwa heshima yake.

Halikuzimika. Limepanda kama linaitwa. Sawa, betri ilishuka kutoka themanini na moja hadi sitini, nikafurahi. Lakini wakati wa kuteremka namba zikaanza kupanda! Sitini na moja. Sitini na tatu. Gari gani linaloshiba kwa kuteremka? Nimewahi kuendesha lori lililobeba lori lingine lililobeba tembo, sikuwahi kuona uhuni wa namna hii.

Mabaya zaidi: mayai. Ajuza huvunja ishirini na saba kwa safari, kwa wastani, na hayo ndiyo kifunguakinywa changu. Leo hakuna hata moja lililopata ufa. Nimekunywa chai kavu.

Chuma ameviona viroba wakati wa kushusha. Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa kuku: "Mjomba, siku hizi kuku wanataga mchanga?" Nikamwambia ni utafiti. Dada akampigia simu Bi Skrini. Bi Skrini akasema gari tupu hurukaruka, ukiliongezea uzito linatulia, na ni ajabu kwamba kuna dereva aliyeligundua hilo mwenyewe. Dada akanipongeza mbele ya watu. Ameamuru mchanga ubaki humo.

Nimepongezwa. Sijawahi kujisikia vibaya hivi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeona udhaifu mkubwa. Ukimya! Ajuza akiingia mtaani, sufuria hutikisika, wenye maduka hutoka wenyewe na trei tupu mikononi. Leo nimesimama mbele ya duka la kona dakika kumi na tano hakuna aliyejua niko pale. Mwenye duka akatoka kumwaga maji na kuyamwaga juu yangu. Trei arobaini zimerudi bila kuuzwa.

Nikampelekea Dada ripoti nikiwa bado nimelowa, ili ushahidi uonekane. Hata yeye akakubali kwamba hilo ni tatizo. Roho yangu ikatulia.

Lakini mchana akanipachikia Chuma garini. Chuma akatoa kichwa dirishani na kuita "Mayaaai!" mara moja. Mara moja tu! Milango ikafunguka mpaka ya nyumba ambazo sijawahi kujua kama zina watu. Mzee mmoja alitoka na taulo. Trei zote arobaini zimekwisha, na wengine wakataka za kesho.

Sauti ile si ya kike wala ya kiume. Ni ya honi.

Alhamisi, 6 Machi

Furaha! Umeme ulikatika usiku kucha! Nimekuta betri imebaki arobaini na tatu, nikaimba nikiwa napiga mswaki. Nikamuuliza Dada kwa upole, je, tuwaombe kuku wasubiri? Ajuza, nikamkumbusha, hajali nguzo ya umeme ikianguka au ikioa.

Dada hakukasirika. Hiyo ndiyo shida yake. Akachukua kalamu, akakokotoa kwamba arobaini na tatu inatosha mzunguko wa mjini ila haitoshi mlima, kwa hiyo shule ipelekewe kesho, na siku za mlima ziwe zile ambazo gari limeshiba. Akasema ni dosari ya kweli, na ataiweka kwenye mizani. Halafu, nikiwa bado natabasamu meno yote nje, akapiga magoti na gauni lake la kazini, akachungulia chini ya gari.

Hakuna tairi la spea! Kuna chupa ya gundi ya kuziba pancha na pampu ndogo kama ya baiskeli. Bi Skrini akasema magari ya kisasa ndivyo yalivyo. Dada akamjibu kwamba njia ya mlimani ina misumari mirefu kuliko kidole chake, na chupa ile inafaa kwa marashi. Bila tairi, hakuna biashara. Bi Skrini kwa mara ya kwanza akaifungia skrini yake mkobani.

Siku nne nalizunguka gari hili natafuta kasoro, nalibebesha mchanga, namwagiwa maji, na kasoro kubwa iko chini ya pua yangu! Nimemweleza Dada kwamba nilikuwa nimeiona Jumatatu nikamwachia aigundue mwenyewe, kwa heshima. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu," kwa ile sauti yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechongewa na skrini. Kumbe inachora kila ninapopita! Dada kaweka miwani, kauliza kwa nini kutoka lango letu hadi duka la kona, ambalo liko ng'ambo ya barabara, hatua hamsini, gari limetembea kilomita tatu. Akauliza kwa nini nimezunguka soko zima mara mbili. Akauliza kwa nini njia yangu haina hata mahali pamoja pa kugeuzia.

Nikajikaza. Nikasema betri hupashwa joto hivyo, nilifundishwa na Mjerumani. Akauliza Mjerumani yupi. Nikasema alishafariki, tumwache apumzike. Chuma akapasua puto la bigijii.

Jumamosi, 8 Machi

Uamuzi. Dada atanunua, kwa masharti: tairi la spea liwepo, na siku za mlima zipangwe kufuata umeme.  Nikaona ufunguo unaelea kuelekea mfukoni mwa Chuma.

Hapo nikasimama. Nikasema waya wa chaja ni mfupi, ni aibu kwa kampuni kubwa, na mnunuzi mwenye akili hawezi kukubali gari liingie nyumbani kwa matako kama mgeni asiye na adabu. Waya uwe wa mita kumi, ufike hata gari likiingia kwa pua! Bi Skrini akafikiri, akasema hilo ni dogo, ataongeza. Dada akanitazama juu ya miwani. Akasema wiki nzima hii ndiyo hoja ya maana niliyotoa. Ufunguo ukabaki kwangu!

Mkurugenzi ni mkurugenzi. Chuma amekunja mikono. Ameumia.

Jumanne, 18 Machi

Gari letu limefika, na tairi, na waya mrefu kama mkia wa joka. Ajuza ameuzwa kwa fundi seremala. Nikamweleza seremala kwa majonzi kwamba rivasi ilikufa miaka kumi na miwili iliyopita, itabidi watu wamsukume mpaka barabarani, kama ambavyo Chuma amekuwa akinisukuma kila asubuhi. Seremala akaingia, akasogeza gia, akatoka uani kinyumenyume, laini, mkono mmoja kwenye usukani, akitupungia mwingine.

 Wote wakanigeukia, hata kuku.

Nikasema gari limepona kwa furaha ya kupata mmiliki mpya. Hutokea. Chuma akajishika kiuno pale pale ambapo amesukumia miaka yote hiyo.

Jioni nimeliingiza gari jipya mwenyewe, kwa pua, mpaka karibu na ukuta. Waya umefika. Nimewaonyesha wote.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya usukani. Saa moja na nusu asubuhi. Betri asilimia mia moja. Trei mia mbili zimepakiwa, mchanga upo, shule ya bweni imepiga simu mara tatu. Mbele yangu kuna ukuta. Lango liko nyuma.

Hili sikuliwazia.

Dada amekuja dirishani, kauliza kuna nini. Nimemwambia nasikilizia injini. Kasema halina injini ya kusikika. Nimependekeza ukuta wa nyuma ubomolewe utengenezwe lango la pili, kuku wapate hewa. Nitaandaa mchoro leo leo, ni wazo la miaka ijayo, watanishukuru.

Sasa Chuma ameegemea mlango. Anauliza kwa upole, na upole wake ndio unaouma, "Mjomba, nikutolee?" Nimemwambia asubiri, betri inapata joto.

Daftari hili lina kufuli, kwa hiyo naweza kuliandika humu, mara moja tu, kwa herufi ndogo: rivasi ya Ajuza haikufa. Mimi ndiye nisiyejua kurudisha gari nyuma.