Machicha ni ya Mpishi

Mambo yaliharibika Ijumaa ya tarehe sita Septemba, pale Magamba, mapipa mawili ya Paskalia yalipopakiwa kwenye guta la Mwenyekiti Melkior. Guta, kwa asiyelijua, ni ile pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma. Hili lilikuwa jekundu, na lilinunuliwa mara tu baada ya uchaguzi. Sisemi kitu.

Kosa la Paskalia lilikuwa kupika pombe kabla ya saa zilizoruhusiwa. Alijitetea kwamba hajauza, anapika tu, na tangu dunia iumbwe hakuna pombe iliyoanza kupikwa saa kumi jioni ikanyweka saa kumi jioni ileile.

"Sheria ni sheria, mama Heri," alisema Mwenyekiti, huku amekunja ulimi kama anayelamba posho.

"Na mapipa yanakwenda ofisini?"

"Yanakwenda panapohusika."

Panapohusika palikuwa nyumbani kwake Kashaulili, maana Mwenyekiti anatuongoza Magamba lakini analala mjini, kwenye umeme. Paskalia alibaki ameshika mwiko. Mapipa yale aliachiwa na mama yake, na ndiyo yaliyomlisha yeye na wanawe. Mpika pombe asiye na mapipa ni kama mkulima aliyenyang'anywa shamba akaachiwa kofia. Marehemu mke wangu alipika pombe maisha yake yote na hakuna kiongozi aliyewahi kumletea hata kifuniko. Kuja kuchukua, hapo wanaijua njia.

Kwenye benchi la kilabu cha Paskalia alikuwa ameketi mtu mmoja aliyevaa koti jua kali, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Huyo ndiye Kassiani. Wa Sibwesa wanamkumbuka kwa ile dawa ya kunenepesha kuku, ambayo alieleza kuwa haifanyi kazi mpaka kuku waimbiwe. Waliimba kijiji kizima. Kuku walikonda, ila kwaya iliimarika.

Kassiani hakuyatazama mapipa. Alimtazama Mwenyekiti, akaona jinsi alivyoinamia pipa na kunusa, amefumba macho. Akamaliza kikombe chake taratibu. Mtu anayenusa alichonyang'anya, alijisemea, huyo ni mteja.

Kesho yake alibisha hodi Kashaulili.

"Mheshimiwa, nasikia unamwoza mwanao Adolf mwisho wa mwezi."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unasubiri makreti ya bia. Wanasema kama Mwenyekiti hatamwaga bia, basi nchi imekwisha."

Melkior alijikuna shingo. Bia imepanda bei, na watu aliowaalika walikuwa wale wa ofisini, ambao koo zao hazina breki.

"Mimi nilikuwa kiwandani," Kassiani aliendelea, akashusha sauti kama padri kwenye kitubio. "Wakubwa wa Dar hawanunui bia siku hizi, wanapika wenyewe nyumbani. Nafaka tupu! Hakuna sukari, hakuna unga mbichi. Kimea, maji, moto. Inatoka ya njano, ina povu."

"Kama ya chupa?"

"Chupa itaona aibu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Heshima tu, mheshimiwa. Nipe stoo yako, yale mapipa na magunia ya mtama. Na mpishi wa kukoroga. Pale Magamba nimemwona mama mmoja ambaye kwa sasa hana kazi."

Kiwanda alichokuwa Kassiani kilikuwa kweli cha bia, lakini yeye aliishia getini, akiuza karanga.

Kwa Paskalia alikwenda na wimbo mwingine. "Mama yangu, nimekuja kukurudishia mapipa. Tupike bia ya Mwenyekiti. Ikiwa tayari, tuiondoe. Nusu yako, nusu yangu, na mapipa juu."

"Tuiondoe vipi, mwanangu? Yule ana macho kama mwewe."

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Paskalia alifikiri. "Machicha," alisema.

Hilo kila mtu huku kwetu analijua. Pombe ikishakamuliwa, pombe ni ya mwenye shughuli, machicha ni ya mpishi. Anapelekea nguruwe wake na hakuna wa kumuuliza. Hata mchoyo kupindukia hajawahi kugombania machicha.

Kassiani alicheka mpaka koti likafunguka kifungo. Alichokificha ni mpango wake mwenyewe: wakifika Magamba, mama ashuke afungue uzio, naye guta aliondoe na kila kilichomo. Alichokificha Paskalia hakikujulikana, maana yeye hakucheka.

Basi wakapika. Mtama uliloweshwa, ukafunikwa kwa magunia mpaka ukaota mikia, ukaanikwa, ukapelekwa mashine. Bia ya namna ile hakuna kati yao aliyewahi kuipika. Kassiani alikuwa na maelekezo kwenye simu, na simu ilikuwa na ufa katikati ya maelekezo.

"Inasema maji ya moto, lakini yasichemke."

"Moto kiasi gani?"

"Hapo ndipo kwenye ufa."

Wakakisia. Wakaloweka kimea, wakachuja, wakayamwagia machicha maji tena ili wasibakize utamu, wakachemsha yale majimaji mpaka stoo nzima ikanukia mkate. Simu ikadai maua fulani machungu ya Ulaya. Kassiani alisema maua hayo Katavi hayajafika, labda yapo kwenye bajeti ijayo. Majimaji yakapoa, wakatia hamira.

Mwenyekiti alitaka kuchungulia. "Mheshimiwa, hapana!" Kassiani alimzuia mlangoni. "Bia ya nafaka tupu haipendi macho ya wakubwa. Ikiona cheo, inachacha." Melkior akarudi nyuma, tena kwa fahari. Ni vigumu kumkatalia mtu anayekukataza kwa kukusifu.

Bia ikaumuka, ikatulia, ikawa ya njano kweli. Kassiani mwenyewe alipoionja alilamba ukingo wa kikombe. Wakaimimina kwenye madumu, vifuniko wakavilegeza kidogo, wakayazika ndani ya mapipa, juu na pembeni wakashindilia machicha. Kwenye tangi la plastiki alilolitoa Mwenyekiti wakaweka maji ya kusuuzia sufuria, hamira ya kutosha, na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Povu likapanda vizuri. Mengi yanayopanda vizuri, ukichunguza chini, yamejaa mwarobaini.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Mwenyekiti aliwakuta wanapakia mapipa kwenye guta.

"Hiki nini?"

"Machicha, mwenyekiti," alijibu Paskalia. "Ya mpishi."

"Haya. Guta lirudi mara moja." Kisha akatega sikio. "Mbona pipa linapumua?"

"Bado yana hasira," alisema Paskalia. "Yametengana na bia yao."

Melkior aliziba pua, akawaruhusu.

Walipofika Magamba, Kassiani akaacha injini inanguruma. "Mama, shuka ufungue uzio."

"Uzio uko wazi," alisema Paskalia, aliyekaa juu ya pipa kama askofu. "Kwanza onja."

"Nionje nini tena?"

"Mpishi ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya watu. Au kwenu hamna desturi? Watu hawa watasema tumeweka sumu."

Watu hawa walikuwa wameshajaa. Majirani, akina Dafrosa, walikuja na vikombe, na Luhende wa bodaboda alikuja bila kuitwa, maana Luhende pombe huwa inamwita yenyewe. Kassiani hakuwa na jinsi. Akazima injini akaonja. Akaonja tena, kwa uhakika. Bia ilikuwa nyepesi mdomoni na nzito miguuni, na kipimo chao cha ukali kilikuwa kimeangukia kwenye ufa. Kikombe cha nne aliwahutubia nguruwe. Baada ya hapo alilala chini ya guta, koti amejifunika.

"Luhende," alisema Paskalia, "mfuate Mwenyekiti. Mwambie fundi wake amelewa na guta halirudi."

Dafrosa alishika kichwa. "We mama Heri! Unamwita hapa, na mali iko humu?"

"Mapipa nikiyaficha ni ya wizi. Nataka ayatoe mwenyewe, kwa mdomo wake, nyie mkisikia."

Akayapanga machicha vizuri, akayamwagia na maji ya nguruwe juu.

Melkior alifika na mgambo wawili. Kassiani aliamshwa kwa teke, na hapo, akiwa kati ya usingizi na kipigo, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe. Alisema ukweli.

"Mheshimiwa, bia yako iko humu! Ndani ya mapipa! Chini ya machicha!"

Watu waliangua kicheko. Paskalia hakucheka.

"Mwenyekiti, karibu," alisema, akikunja kitenge. "Ingiza mkono mpaka begani, utafute. Maji ninayo, utanawa."

Melkior alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Alilitazama pipa. Pipa likampumulia. Akawatazama watu wake aliowaomba kura, nao walikuwa wanangoja kwa hamu kubwa kumwona kiongozi wao akitafuta bia kwenye chakula cha nguruwe. Mmoja alishatoa simu arekodi.

"Nyie mgambo, ingizeni nyie!"

"Sisi, mkuu, ni wa ulinzi," alijibu mmoja wao.

"Mlevi huyu!" Mwenyekiti alifoka. "Bia iko stoo kwangu, nimeliona povu kwa macho yangu!"

"Basi niyamwage haya nikurudishie mapipa yako?" Paskalia aliuliza, amelishika pipa ukingoni.

"Baki nayo na uchafu wake! Sitaki kuyaona tena!"

"Mmesikia?" Paskalia aliwauliza watu.

"Tumesikia!" walijibu, kama kanisani.

Kassiani alirudishwa Kashaulili kwenye guta lilelile, safari hii nyuma, akafungiwa na tangi lake. Fundi haachiwi kabla bia haijafunguliwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa, wa ofisini wakiwa mbele. Mwenyekiti alitoa hotuba juu ya kujitegemea. Kisha akasema, "Mpishi aonje."

Kassiani alipokea bilauri. Mgambo walikuwa kushoto na kulia. Alikunywa yote. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa koti.

"Tamu," alisema. "Ina historia."

Mwenyekiti naye akanywa, akakaza uso, akasema ni ya kimataifa. Nani angesema vinginevyo? Meza ya mbele ikanywa ikasifu, na meza ya nyuma ikasifu kabla ya kunywa. Hivyo ndivyo tunavyotawaliwa.

Ila Luhende alikuwa ameegesha nje. Alimnong'oneza mtu mmoja kwamba Magamba kuna bia ya njano, ya nafaka tupu, na mama Heri anauza saa zilizoruhusiwa kabisa. Yule akaaga kwamba anakwenda chooni. Jirani yake naye akabanwa. Wakafuata wa ofisini, na bwana harusi akamshika bibi harusi mkono, wote wawili eti tumbo. Hata mgambo walibanwa.

Jua lilipoinama, ukumbini walibaki Melkior, Kassiani na tangi. Mwenyekiti alizungusha macho kwenye viti, akagonga kipaza sauti kwa kidole.

"Jamani," aliuliza, "wageni wangu wote wako wapi?"