Kadi Yangu ya Harusi Iliyomezwa na Kompyuta

Kwa Mheshimiwa Katibu wa Kamati ya Harusi, ambaye pia ni mjukuu wangu niliyemwogesha kwenye beseni mpaka akaanza kuona haya,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu. Maneno ni yangu, mwandiko ni wa fundi cherehani wa hapa chini, kwa hiyo usimnunie yeye.

Jumamosi anaolewa dada yako, niliyemlea tangu hajaota jino. Kadi zimegawiwa, yangu haipo. Naomba kulalamika kwa utaratibu.

1. Mama yako amekubana, ukakiri kwamba kompyutani una orodha mbili: watu wa ukoo, na namba za simu. Ukaziunganisha kwa ule muunganisho wa ndani, unaombakiza tu mtu aliyeonekana kwenye zote mbili. Mimi sina simu. Basi nikafutika, mimi niliyemzaa mama yako! Mume wangu, mfuniko ukikosekana, sufuria unaitupa? Hapa jikoni nina mfuniko mkubwa wa bati, sufuria yake haionekani mwaka wa tisa huu, na bado nauosha.

2. Ukasema umerekebisha. Kumbe umeanzia upande wa simu: kila namba ikapata kadi, iwe na mwenyewe kwenye ukoo au isiwe naye. Muuza gesi amekuja kuniuliza avae nini. Mimi bado sina kadi.

3. Mara ya tatu ukamkutanisha kila mtu na kila simu. Watu thelathini na wanane, simu arobaini na moja: kadi elfu moja mia tano hamsini na nane! Mpiga chapa kazirundika mlangoni kwangu, natoka kwa ubavu. Zangu ni arobaini na moja, na bawabu wa ukumbi anasema kadi yenye namba ya mtu mwingine haipiti. Sasa nina kadi nyingi kuliko bi harusi, na siingii.

4. Ninachotaka ni muunganisho wa kushoto. Anza na watu, wote. Kisha tafuta simu zao. Ukiikosa ya mtu, acha pengo, mtu abaki. Pengo halimwondoi mtu mezani. Mimi kinywani ninayo manne na nakula.

Fanya hivyo leo. Dada yako ameapa hatoki chumbani mpaka nimfunge shela kwa mikono yangu, na unamjua kwa ubishi, kaurithi kwangu.

Wasalimie mama yako, wajomba, majirani, na hiyo kompyuta pia. Haina kosa, imefanya ulivyoiambia.

Ni mimi nikupendaye na nitakayekufinya sikio,
Bibi yako

Nyongeza: Mdogo wangu wa mwisho naye hana simu. Ukifika kwenye jina lake, rudisha ule muunganisho wa kwanza, wa ndani. Sufuria yangu iko kwake.