Koala Wanatushinda kwa Kura

Jumatatu, 7 Agosti 2017

Wewe uliyeiokota shajara hii, nakusihi: funga mdomo. Usimsomee mtu hata sentensi moja, hata ile ya kuchekesha. Bi Gwenda, mwenyekiti wetu, akijua yaliyomo humu, sina kazi. Na mji huu una kazi mbili tu za ukarani. Ya pili anayo Petra.

Baridi kali. Hita ya ofisi imekufa. Tuko nafasi ya tatu.

Shindano ni la kampuni moja ya bima. Utafiti wa ugonjwa utakaopata kura nyingi mtandaoni kufikia Jumapili utapewa ruzuku. Wa pili utapewa cheti na kikombe cha chai. Sisi, chama kidogo cha wagonjwa na jamaa zao, tunatafutia tiba ugonjwa wa kurithi unaolegeza misuli kidogo kidogo, mpaka mtu anashindwa kuinua kijiko. Jina lake la kitaalamu halitamkiki. Hata Bi Gwenda, ambaye ugonjwa huo ulimuulia mume, huliruka.

Dada yangu Maree anao. Kipande cha msuli wa paja lake kimo ndani ya friza ya Daktari Farrugia, mtafiti wetu, kule chuo kikuu cha pwani. Tusiposhinda, mkataba wa daktari unakwisha mwezi huu na friza inazimwa.

Wanaoongoza: koala, wale wanyama wenye manyoya wa huku kwetu Australia. Utafiti wa ugonjwa wa koala! Ugonjwa wenyewe ni wa zinaa. Wanyama wale hulala kutwa, wakiamka wanaambukizana, na nchi nzima inawalilia. Petra, karani wao, ofisi yake inatazamana na yangu. Leo amekuja kazini ndani ya vazi la koala. Amenipungia mkono wenye makucha. Nami nikampungia. Najichukia.

Jumanne, 8 Agosti

Bi Gwenda anataka bango lenye picha ya Maree. Aonekane ana huzuni, akasema, ila si sana, watu wasije wakaogopa. Niliufikisha ujumbe huo kwa uangalifu. Maree akaniuliza, "Nilie? Kwa ajili ya bima? Hao hao waliokataa kunikatia?" Kisha akasema, "Mdogo wangu, katafute mtu mwenye manyoya."

Mwishowe alikubali kupigwa picha akiwa ameinua bia. Bi Gwenda akasema mgonjwa mwenye bia hapati kura. Nikaiondoa bia kwa kompyuta. Sasa Maree anaonekana kama anataka kumtwanga mpiga picha ngumi.

Bango limebandikwa. Tumeshuka hadi nafasi ya nne.

Jumatano, 9 Agosti

Nimegundua kwa nini watu wa mji wetu, Mulgarra, hawatupigii kura. Si kwamba hawatupendi. Simu hazishiki mtandao hapa, isipokuwa kule kilimani nyuma ya tangi la maji, na wazee hawapandi kilima kwa ajili ya mtu yeyote. Penye waifai ya uhakika ni klabu tu, pale wanapoviringisha matufe yao kwenye nyasi. Na kila Ijumaa jioni watu wote hujazana humo kwa bahati nasibu ambayo zawadi yake ni nyama.

Mji mzima! Waifai! Siku moja!

Nilikwenda kumwona Mzee Merv, anayeongoza klabu. Akasema hana neno, mradi nisiicheleweshe bahati nasibu. Wiki hii kuna mguu wa kondoo. "Watu hapa watakutoa roho, kijana, na mimi sitakuwa nimeona kitu."

Ijumaa, 11 Agosti

Ushindi!

Mzee Merv aliandika nenosiri la waifai kwa chaki, kwenye ubao wa matokeo. Nikapita meza kwa meza. Mzee mmoja akauliza kama asipopiga kura atatozwa faini, kama kwenye uchaguzi wa serikali. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Mkewe akamwambia, "Bonyeza bwana, soseji zinapoa!" Akabonyeza. Wote wakabonyeza. Hata mpishi alitoka jikoni na unga mikononi akabonyeza.

Petra naye alikuja, ndani ya vazi lake, akila soseji kupitia mdomo wa koala. Akaniuliza, "Darcy, hawa wote wanatumia waifai hii hii moja?" Nikamjibu ndiyo, wote, mpaka wa mwisho! Akaiweka soseji chini. Kisha akasema, "Hebu nisikilize kwanza." Nikamwambia aniwie radhi, nina shughuli. Wivu mtupu! Sijawahi kuona koala mwenye kijicho kiasi kile.

Kabla mguu wa kondoo haujapata mwenyewe, tulikuwa tumeshika nafasi ya kwanza. Nilicheza juu ya kiti.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimepanda kilimani kumpigia simu Daktari Farrugia. Nimemwambia asifungashe vitu. Akasema ameahidiwa kazi mahali pengine na alitakiwa kujibu leo. Basi atawaomba wamngoje hadi Jumatatu, kwa sababu ya neno langu. Neno langu! Nilishuka nikiimba.

Maree hakunitania, na hilo lilinitisha. Akauliza, "Kweli, Darcy? Mambo mengine nidanganye, hili usinidanganye." Nikamwambia ni kweli tupu. Akaniomba nimwinulie kikombe chake cha chai. Mwezi uliopita alikuwa anakiinua mwenyewe.

Jumatatu, 14 Agosti

Tumeenguliwa.

Barua ya kampuni ya bima ina adabu hadi inaudhi. Kura zetu za Ijumaa, wanasema, zimetoka mahali pamoja, kwenye muunganisho mmoja, jioni moja. Kompyuta yao imejiridhisha kwamba aliyepiga ni mtu mmoja, laghai, mwenye majina mengi.

Nikawapigia kwa simu ya klabu. Nikasema ni watu! Wana meno ya bandia! Mmoja wao huyu hapa! Nikampa Mzee Merv simu, akawatukana vizuri sana, bila kurudia tusi. Haikusaidia.

Koala wameshinda.

Bi Gwenda hakunifukuza. Aliuliza tu, "Hukusoma masharti, mwanangu?" Niliyasoma. Kura moja kwa kila mtu, yanasema. Hakuna palipoandikwa kila mtu na waifai yake! Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia analia, na nadhani alijua nasikia.

Petra akaniletea keki ya ushindi. Akasema alitaka kuniambia siku ile ile, ila nilikuwa juu ya kiti. Nimekula vipande viwili. Ilikuwa tamu, na hilo limeniuma kuliko yote.

Jumatano, 16 Agosti

Daktari Farrugia amekwenda kufanya kazi kwa koala. Ndiyo kazi ile aliyoahidiwa. Alinipigia mwenyewe, akaongea taratibu, kama watu wanavyoongea na mfiwa. Friza haitazimwa, kwa kuwa koala wanaihitaji. Sampuli zetu zitabaki, rafu ya chini kabisa, chini ya chupa za mkojo wa koala. Atazigusa siku atakapopatikana wa kumlipa.

Nikamweleza Maree. Alicheka mpaka akapaliwa. "Paja langu," akasema, "limelala chini ya mkojo wa mnyama mwenye kisonono!" Halafu kicheko kikakatika. Akageuza kiti chake cha magurudumu, akaangalia dirishani. Nikamwinulia kikombe chake cha chai.

Ijumaa, 18 Agosti

Kuna shindano jipya!

Hili ni la maduka makubwa. Ruzuku yake ni ndogo, lakini inatosha kumrudisha daktari kwetu siku moja kwa wiki. Linaanza Jumatatu. Safari hii nimekaa chini nikachambua kosa letu, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa chuoni. Nimelipata. Kosa lilikuwa klabu. Bia, nyama, makelele: kompyuta yoyote yenye heshima zake ingeshuku.

Safari hii ni maktaba. Asubuhi. Watu waliooga. Tena maktaba imewekewa waifai wiki hii, yenye kasi kuliko ile ya klabu, kwa hiyo tutamaliza mji mzima kabla ya chai. Petra alisimama mlangoni akaanza, "Darcy, kuhusu maktaba..." Nikafunga mlango.

Basi wewe uliyeiokota shajara hii, ukiwa na simu, njoo. Usinipigie nyumbani, mtandao haushiki. Ofisini usithubutu, Bi Gwenda ndiye anayepokea. Utanikuta maktaba Jumatatu saa nne, meza ya magazeti, kando ya hita. Ni yule mwenye tai, anayetokwa jasho. Usiponiona, muulize dada mwenye kiti cha magurudumu. Atakutukana kwanza, kisha atakuelekeza. Njoo na jamaa zako wote. Wala usihangaike kupanda kilimani kutafuta mtandao. Nenosiri nitaliandika ubaoni, kwa herufi kubwa. Ni moja tu, linatutosha sote.