Tumbo la Kukodi

Meneja wa duka la samani alikuwa amekasirika kwa sababu hospitali ilimwambia kwamba hajanenepa vya kutosha.

Aliyasema hayo ofisini kwake, nyuma ya duka, akizunguka baina ya meza na kabati huku amekishika kitambi chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepeleka kielelezo mahakamani. Msikilizaji wake alikuwa binamu yake, aliyelijaza peke yake kochi la watu wawili. Huyu mtaani aliitwa Waziri. Hakuna aliyewahi kumteua. Jina alilipata kwa ukubwa wa tumbo na kwa kipaji cha kujibu swali lolote bila kulijibu. Alikwisha kuuza viwanja vilivyokuwa katikati ya bwawa, nafasi za masomo katika chuo kisichokuwa na jengo wala mwalimu, na mbwa mmoja wa ulinzi kwa majirani watatu wasiosalimiana.

"Eti uwiano wangu wa uzito na urefu ni ishirini na nane," alisema Meneja. "Ishirini na nane! Daktari ananiambia niache soda, nitembee jioni. Mimi nimekwenda kwa bingwa wa upasuaji ili niambiwe nitembee?"

"Wamekudharau, binamu."

"Na bima ya kazini inalipa kila kitu! Wanapunguza mfuko wa chakula, unatoka umenyooka kama rula. Mwishoni mwa mwaka tunapiga picha za matangazo, na mwenye kampuni kasema mimi ndiye nitakayekaa kwenye kochi jipya. Nikae na hili?" Alilitikisa. Lilitikisika kidogo tu, jambo lililomuudhi zaidi.

Waziri aliacha kutafuna. Wapo watu ambao wakiona ndugu yao ana shida huingiwa na huruma. Waziri yeye huona mlango, na mlango ukiwa wazi huona utovu wa adabu kutoingia.

"Kwani wanataka watu wa namna gani hasa?"

"Uwiano wa arobaini kwenda juu. Au thelathini na tano, lakini uwe na kisukari, presha, maradhi ya aina hiyo. Yaani wanataka..." Meneja alimtazama binamu yake kuanzia viatu, na safari ya macho ilichukua muda. "Wanataka mtu kama wewe."

"Basi wapelekee mtu kama mimi."

Mpango ulikuwa mzuri kama mipango yote isiyochunguzwa. Waziri angekwenda hospitali nyingine, ng'ambo ya mji, akiwa na kadi ya bima ya Meneja. Angepimwa yeye, angekubaliwa yeye, na siku ya upasuaji angelala kitandani Meneja mwenyewe.

"Na picha ya kwenye kadi?" aliuliza Meneja.

"Picha ya kwenye kadi haifanani na binadamu yeyote. Hata wewe hufanani nayo. Halafu sura zetu ni za bibi mmoja."

"Madaktari hawatashtuka siku ile wakiona mtu mwingine?"

"Binamu, wale siku ya kazi wamevaa kofia na barakoa, na wewe umefunikwa shuka mpaka kidevuni. Wao shida yao tumbo. Uso wautazame wa nini?"

Mtu mwenye akili timamu angecheka. Lakini Meneja alikuwa akitaka kitu cha bure, na mtu wa namna hiyo akili yake huwa imekwenda likizo. Alitoa kadi, akatoa na "ya usumbufu". Usumbufu huo ungelipiwa kila kliniki, pamoja na chakula cha mchana, kwa sababu kupimwa kunachosha. Waziri alijua vizuri kwamba siku ya upasuaji Meneja angetimuliwa mlangoni. Siku hiyo yeye angekuwa mji mwingine, simu imezimwa. Aliagana na binamu yake kwa kumbatio refu.

Kliniki ilianza na darasa. Viti vilikuwa vipana, visivyo na mikono, na Waziri alikaa kwenye kiti bila kukwama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Daktari wa upasuaji, mama mwembamba mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, aliwatazama wote kwa zamu.

"Nani kati yenu amekuja kwa sababu ya harusi, sherehe au nguo?"

Mikono kadhaa ilipanda kwa furaha.

"Nendeni mkaonane na mtaalamu wa lishe. Huu si urembo."

Waliobaki aliwaeleza bila kuwabembeleza. Wanaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kinachobaki kina umbo la ndizi. Mtu anashiba upesi, na hamu ya kula inapungua kwa sababu homoni za njaa nazo zinapungua. Mtu anaweza kuvuja damu, mshono unaweza kuachia, damu inaweza kuganda miguuni. Anayevuta sigara aache kwanza. Ambaye hajawahi kujaribu njia nyingine akajaribu kwanza. Anayedhani kisu kitamfanyia kazi yote huku yeye akiendelea na soda zake, ajue uzito utarudi.

"Na vitamini, vipimo vya damu na kliniki ni vya maisha," alimaliza. "Sisemi mwaka. Nasema maisha."

Waziri hakuisikia sentensi hiyo. Alikuwa amelala, anakoroma, na mzee wa kiti cha jirani alikuwa amehama.

Daktari alimgusa bega. "Baba, mchana huwa unalala mara ngapi?"

"Inategemea na mchana wenyewe, daktari."

"Usiku unaamka umekabwa pumzi?"

Waziri alifungua mdomo atoe jibu la kiwaziri, akajikuta ameitikia kwa kichwa.

Vipimo vilichukua wiki kadhaa, na Waziri alivifurahia kama mgeni wa hoteli, maana kila kimoja kilikuwa na posho yake. Walimpima sukari, presha, moyo, ini. Walimfunga mashine ya kupima usingizi. Walimkalisha mbele ya mwanasaikolojia, aliyetaka kujua huwa anakula kwa njaa au kwa mawazo. "Kwa mialiko," alijibu Waziri, na mwanasaikolojia akasema hilo ndilo jibu la kweli zaidi alilolisikia siku hiyo.

Kisha daktari alimwita peke yake.

"Sukari yako iko juu. Presha iko juu. Usingizini pumzi yako inasimama, inasimama tena na tena. Wapo watu wengi wanaoutaka upasuaji huu na hauwafai. Wewe unakufaa."

"Nisipofanya?"

"Siwezi kukutajia tarehe. Lakini nisingekuuzia bima ya maisha."

Waziri alicheka. Daktari hakucheka. Waziri naye akaacha.

Baba yake alikutwa kwenye kiti chake sebuleni, kichwa kimelalia bega, redio inaendelea kuzungumza. Watu walipita mara mbili wakidhani anakoroma kimyakimya. Alikuwa na umri ambao Waziri angeufikisha mwakani. Kwa hesabu hiyo Waziri hakuhitaji kikokotoo.

Alitoka hospitali akapita mbele ya hoteli aliyoizoea bila kuingia, jambo lililomfanya mpishi atoke nje kuangalia kama kuna msiba. Yeye bima hakuwa nayo. Bima hupewa watu wenye ajira, na ajira aliikwepa tangu ujana kama watu wanavyokwepa mvua. Mifukoni mwake mlikuwa na kitu kimoja tu chenye uwezo wa kumwokoa, nacho kilikuwa na jina la mtu mwingine.

Huko nyuma aliwahi kuiba fedha, muda na imani za watu. Upasuaji hakuwahi kuiba. Alijishangaa kwa kutowahi kuufikiria.

Kumdanganya Meneja tarehe ilikuwa kazi ndogo.

"Wameisogeza mbele, binamu. Jumatatu ya wiki inayofuata. Uchukue likizo, utangaze kazini, mambo yaonekane halali."

"Wewe mbona umepungua?"

"Nimekuwa nikihangaika kwa ajili yako."

Kwa kweli alikuwa kwenye chakula cha majimaji, kama alivyoagizwa, ili ini lisinyae na wapasuaji wapate nafasi. Maagizo ya daktari ndiyo yalikuwa mkataba wa kwanza maishani mwake ambao aliutimiza kipengele kwa kipengele. Usiku wa kuamkia siku yenyewe hakula kitu. Asubuhi walimwuliza jina, akajibu jina la Meneja bila kupepesa. Kisha wakamwambia ahesabu kurudi nyuma.

Alipoamka alikuwa na vidonda vidogo tumboni na maumivu makubwa. Alipapasa plasta moja baada ya nyingine. Mali ilikuwa ndani.

Jambo moja tu hakulipigia hesabu. Meneja alikuwa na haraka. Ofisi ilimpa likizo mapema, akaona afadhali apite hospitali siku chache kabla ya Jumatatu ile akaone mazingira, achague na chumba. Alikuja na begi dogo na vazi jipya la kulalia la rangi ya samli. Kwenye korido ya wodi akakutana na binamu yake, amevaa gauni la hospitali, anatembea polepole huku anasukuma chupa ya dripu.

"Unafanya nini hapa?" Meneja aliuliza.

"Natembea. Si walikuambia kutembea kuna faida?"

Meneja alitazama dripu, akatazama gauni, akatazama utepe mkononi ulioandikwa jina lake kwa herufi kubwa.

"Umeniibia tumbo!"

"Sauti, binamu."

"Mwizi! Tapeli! Nakwenda kusema sasa hivi!"

"Nenda. Utasema nini? Sema, 'Mimi ni mwenye kadi, nilimtuma mtu mnene apimwe kwa jina langu niwalaghai watu wa bima, ila yeye akanilaghai mimi.' Mlango wa utawala ni ule pale. Bisha kwanza."

Muuguzi alipita na sinia la dawa. "Mgonjwa, huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Binamu yangu, dada. Amekuja kuniona. Ana uchungu sana na mimi."

"Baba, mwache apumzike," muuguzi alimwambia Meneja kwa upole. "Ametoka kwenye upasuaji mkubwa."

Waziri alirudi kitandani akiwa ameshinda kabisa. Alidumu na ushindi huo mpaka asubuhi ya kuruhusiwa, daktari alipomkabidhi mfuko wa dawa na kumweleza tena yale yaliyompita akiwa amelala darasani: vitamini kila siku, sindano, vipimo vya damu, kliniki.

"Mpaka lini?"

"Nilisema darasani. Maisha."

"Na mtu akiacha?"

"Damu inapungua, neva zinaharibika, mtu anaanza kufa ganzi miguu. Usiache."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua kadi yake, na alikuwa amesikia kila neno. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya korido, tabasamu pana la muuzaji anayemwona mteja hana pesa taslimu na itabidi akope.

"Maisha," alirudia taratibu. "Kumbe utakuwa unanihitaji, binamu."

Masharti yalitolewa ndani ya teksi. Kadi ingetoka kila siku ya kliniki, na gharama zingepita kwa jina la Meneja kama kawaida. Kwa upande wake Waziri angefika dukani kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, amevaa tai, auze makochi mpaka jioni.

"Kwa mshahara?" Waziri aliuliza.

"Kwa mshahara. Na risiti."

"Binamu, nimekukosea, nakubali. Lakini hilo ni la kikatili."

Haki itendeke: Meneja naye hakutoka salama. Ofisi nzima ilijua amefanyiwa upasuaji. Kwenye kantini wenzake walimkalisha katikati na kumhesabia vijiko. Akifika cha nne, mhasibu humnyang'anya sahani kwa upendo. Keki za siku za kuzaliwa zilimpita mbele ya macho. Soda alikatazwa na mwenye kampuni mwenyewe. Jioni, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumpa lifti mtu aliyeagizwa mazoezi, alirudi nyumbani kwa miguu. Ilipofika siku ya picha, kitambi kilikuwa kimekwisha. Alikaa kwenye kochi amenyooka kama rula, akawaambia wapiga picha kwamba sayansi ya kisasa ni kitu kikubwa.

Waziri alipungua zaidi. Sukari ilishuka, usiku alilala na kuamka mzima, na umri wa baba yake aliupita akiwa amesimama baina ya makochi, tai shingoni.

Asubuhi moja aliingia bwana mmoja aliyevaa suti iliyombana kidogo. Alijaribu makochi matatu, akaacha kuyaangalia, akamwangalia Waziri.

"Nimeambiwa hapa kuna mtu alipunguzwa tumbo. Ni wewe? Nataka na mimi. Niambie nani wa kuonana naye."

Huyu angeweza kuuziwa chochote. Ulimi wa Waziri ulijinyoosha wenyewe, kwa mazoea, kisha yakatoka maneno ambayo hakuyapanga.

"Wewe haikufai, kaka."

"Nini?"

"Huna uzito huo. Una sukari? Presha? Unakabwa pumzi usingizini?"

"Sina."

"Basi hutakubaliwa, na usikubali atakayekukubali. Ni kisu, ni hatari zake, na ni dawa za maisha yote. Punguza soda. Tembea jioni."

Bwana yule alimkazia macho muda mrefu, akimpima. Alimwona mtu mwembamba, mwenye afya, mwenye siri, aliyeupata muujiza na sasa anaufungia mlango. Akageuka, akaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya nyuma ya duka, na sauti yake ilisikika kwenye makochi yote.

"Meneja, angalia watu unaowaajiri! Huyu mtu wako ni tapeli!"

Waziri alisimama palepale. Katika kazi yake yote ya zamani hakuna mteja aliyewahi kumwita hivyo kabla hajalipa.