Mahojiano ya Mokeira, Sebuleni Kwangu

Jumanne, 3 Juni 2025

Nina miaka themanini na minne, moyo umechoka, na daktari hanitazami tena usoni. Daftari hili lisomwe nikishazikwa.

Mokeira, mjukuu wangu aniitaye Sokoro, yaani babu, ndiye hunipa dawa na kunisomea gazeti. Huandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Java. Akipata kazi atakwenda Nairobi. Nitabaki nikitazamana na majani chai.

Leo amehojiwa kwa video, sebuleni, maana mtandao haushiki chumba kingine. Mhoji, Geoffrey fulani, alimtaka aeleze namna ya kupata jina lililojirudia kati ya majina milioni moja. Nilifundisha hesabu miaka thelathini. Alikuwa anajibu vizuri. Vizuri mno! Nikajikokota na mkongojo hadi kwenye swichi kubwa ya stima, nikaizima. Mtandao kwisha. Akalaumu stima. Hapa Ikonge, nani asingelaumu stima?

Geoffrey hakukata tamaa. Atamtumia mtihani wa kuandika nyumbani.

Ijumaa, 6 Juni

Mtihani! Mwisho saa moja jioni. Mokeira alipanga kuutuma kabla ya jua kutua, Sabato isimkute kazini.

Saa kumi na moja na nusu nikaanza wimbo wa kuikaribisha Sabato. Akaninong'oneza, Sokoro, jua bado liko juu. Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa, jua nalijua. Nikiimba, nyumba nzima huimba. Kisha nikaomba. Niliombea wagonjwa, wajane, wachuma chai, na kila ng'ombe kwa jina lake. Nilipofika kwenye amina, jua lilikuwa limetua kweli.

Akafunga kompyuta. Majibu hayakutumwa.

Jumapili, 8 Juni

Ombati, mzee mwenzangu wa kanisa, alikuja na shati jipya kutoka kwa mjukuu wake Linda, aliyeajiriwa benki. Akauliza kama wangu bado anabonyezabonyeza kompyuta tu. Nikamjibu kuwa kampuni tatu zinamgombania.

Shati lenyewe linambana shingo. Nadhani ni la mtumba, la soko la Daraja Mbili.

Jumanne, 10 Juni

Wamemkataa. Alilia jikoni, mlango umefungwa.

Mama yake, Bitutu, ndiye aliyeniambia. Kazi ile ilikuwa ya kufanyia hapahapa nyumbani. Mokeira aliwaeleza tangu mwanzo kuwa haondoki, ana babu mgonjwa.

Sikula. Nikamwita nikiri. Nikaanza, Mokeira, ile stima... Akanikatiza: Sokoro, usijisumbue, stima ya huku ndiyo mbaya. Akanifunika blanketi hadi kidevuni. Sentensi haikumalizika.

Alhamisi, 12 Juni

Kampuni nyingine! Mahojiano ni kesho saa tisa alasiri. Hii inataka ahamie Nairobi, na amekubali. Anasema akibaki huku stima itamwangusha kila mara.

Nimetubu. Kwa machozi. Swichi sitaigusa tena, na wimbo wa Sabato nitauanza jua likishatua lenyewe. Nimeapa mbele za Mungu, na mtu wa hali yangu haapi ovyo.

Ila kifua kimenibana tangu asubuhi. Nimemtuma Bitutu kwa mchungaji. Wazee wote wa kanisa waje kunipaka mafuta na kuniombea. Kesho, saa tisa kamili, sebuleni.

Ombati ndiye ataongoza sala. Zake ni ndefu kuliko zangu.