Nilivyoisugua Fromaji ya Baba Mukwe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya baba mukwe wangu. Kabisa!

Baba yake bwana wangu ameshuka jana kutoka milimani, mara ya kwanza tangu tuoane. Huko juu anafuga ng'ombe na anatengeneza fromaji, yaani jibini. Alileta moja tu, kubwa kama sahani ya wali, imefungwa kitambaa. Saa tisa mpishi wa hoteli moja ya mjini angekuja kwetu Mulongwe, hapa Uvira, kuionja. Akiipenda, papa mukwe atakuwa anamuletea kila mwezi.

Saa nane na nusu papa akaingia kuoga. Miye nikafungua kitambaa ili niipange kwenye sahani.

Mungu wangu!

Ganda lote limeota ukungu. Mweupe, wa kijivu, na mabaka ya rangi ya kutu. Na manyoya! (Nimezaliwa mjini. Fromaji ninayoijua iko ndani ya kaboksi.) Nikajua joto la Uvira limeiharibu. Mzee atapata haya mbele ya mgeni, na nyumba itakayosemwa ni yangu.

Nikashika brosi. Nikashika sabuni. Nikasugua mpaka mikono ikauma, sikio langu liko kwenye mlango wa bafu. Ukungu ukakataa kutoka. Nikachukua kisu, nikakwangua. Ghafla maji ya bafu yakanyamaza! Nikasuuza mbiombio, nikapangusa, nikaweka mezani. Ilikuwa inang'aa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

Mpishi akapiga hodi, bwana wangu akamfungulia. Papa akatoka na shati safi. Akaona sahani. Akasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, papa."

"Ngozi yake iko wapi?"

"Ilikuwa imeota ukungu. Nimetoa wote!" (Nilitabasamu, jamani. Nilikuwa nangoja baraka.)

Papa akakaa polepole.

"Muke wa mutoto wangu, ule ukungu ndio unaleta utamu. Niliulea miezi mine. Kila siku nageuza, napangusa na maji ya chumvi. Hata mama yenu simuruhusu aguse."

Bwana wangu akaangalia dari.

Mpishi, mtu wa adabu, akakata kipande. Akatafuna. Sote tukamkodolea macho mdomoni.

"Ndani iko muzuri sana," akasema. Akatafuna tena, sasa taratibu. "Ila... muliweka ndimu?"

"Ni sabuni," nikajibu. Sauti ilitoka kama ya panya. "Ya kuoshea vyombo."

Akanywa glasi tatu za maji. Kisha akamwambia papa atapanda mwenyewe milimani kuonja nyingine kulekule, "kabla mama huyu hajaiona."

Papa hakunisemesha mpaka jioni. Nikajipa moyo, nikamfuata.

"Papa, leta koti lako nikufulie."

Akalikumbatia kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Weye liache hivyohivyo."

Atakayecheka, asije kunywa chai kwangu.